KOPO LA VIDONGE VYEUPE
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimeombwa nizungumzie faida ya kemia. Nimechagua kidonge kimoja tu: fenobabitoni.

Dawa hii ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1912 kwa jina la Luminal, ikiwa dawa ya usingizi. Mwaka huohuo daktari Alfred Hauptmann aligundua kuwa wagonjwa wa kifafa walioinywa walianguka mara chache zaidi. Hapa kwetu, Daktari Louise Jilek-Aall aliitumia kule Mahenge, alikoanzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960.

Molekuli yake ina atomu 12 za kaboni, 12 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 3 za oksijeni. Mtu huanguka kifafa seli za ubongo zinaporusha umeme kupita kiasi. Fenobabitoni huiongezea nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayozituliza seli hizo. Nayo hutoka mwilini polepole: kwa mtu mzima, nusu yake huchukua siku 3 au 4 hivi. Ndiyo maana yatosha kunywewa mara moja kwa siku. Lakini ikikatizwa ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa ukali.

Hayo niliyasoma chuo kikuu, nikafunga kitabu.

Tulipokuwa kidato cha pili, mwenzetu mmoja bwenini alikuwa na kopo la vidonge vyeupe. Alituambia ni vya malaria. Mimi nililificha kwa utani. Kwa kuwa alikwisha kutudanganya, aliona haya kulalamika. Siku tatu hakupatwa na neno, nami nikacheka. Siku ya sita alianguka mstarini, povu likamtoka. Tulikimbia sote, tukidhani povu lile huambukiza. Haliambukizi. Muhula uliofuata hakurudi, nami sikumwambia mtu.

Wadogo zangu, mwenzenu akianguka msimkimbie. Ondoeni vitu vya kumwumiza, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani. Zikipita dakika 5 hajatulia, mpelekeni hospitali upesi. Na mwenye kunywa dawa asiiache bila shauri la daktari.

Ndugu yangu wa kidato cha pili, kama gazeti hili litakufikia, aliyeficha kopo ni mimi. Naomba radhi.