Uzi uishi kupita deni

Maneno tuliyosema ku mkutano wa wanachama, Mutshatsha



Likelemba inafungua sasa mikopo kwa wale wanaotaka kuvua mu Lualaba, mu Lufupa na ku ziwa la Nzilo. Komite imetuomba tuseme neno moja mbele ya feza kutoka: tununue uzi gani? Ule wa nilon moja, unaong'aa kama kioo, ama ule wa nyuzi nyingi zilizosukwa pamoja? Tumesikia mabishano yenu tangu asubuhi. Vijana wanataka wa kioo, juu bei iko chini na samaki hauoni. Wazee wanataka wa kusukwa. Kila upande iko na haki yake. Lakini sisi tunaangalia kwanza jambo ambalo haliandikwi ku roli: uzi utakufa siku gani, na deni itaisha siku gani?

Mutu mwenye kurudi anaanza na mikono mitupu. Wakubwa waliokimbilia Angola mu vita ya 1977, wakati Mutshatsha yetu ilitekwa mu mwezi wa tatu, hawana lazima tuwafasirie. Kama mkopo ni wa miezi sita na chombo kinakufa mwezi wa tatu, mutu anabaki kulipa kitu ambacho hakiko tena. Anakopa kingine juu ya kulipa kile cha kwanza. Hapo likelemba inageuka kamba ya shingo.

Sasa tuseme juu ya nyuzi zenyewe. Nilon ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935, Marekani, ndani ya kampuni DuPont. Mbele ya pale watu walikuwa wanasokota nyuzi za miti na majani. Uzi wa kioo ni nilon moja tu, nene ama nyembamba. Unavutika sana mbele ya kukatika. Hiyo ni muzuri wakati samaki anaruka kwa nguvu, juu uzi unapokea ile nguvu kidogo kidogo. Unavumilia kusuguana na jiwe. Mu maji meupe ya kiangazi, samaki anauona kwa shida. Adui yake ni jua. Uzi uliokaa mbele ya duka, mu jua, miezi mingi, umekwisha kuzeeka hata kama roli iko bado mpya. Tena nilon ikilowa, inapoteza sehemu ya nguvu yake.

Uzi wa kusukwa ni kama nywele ya mama: nyuzi ndogo ndogo zinashikana. (Ule wa kusokotwa kama kamba ni ndugu yake, na ku soko wanachanganya majina. Musikasirike na muuzaji.) Kwa unene uleule, wa kusukwa iko na nguvu kupita wa kioo. Hauvutiki karibu hata kidogo, kwa hiyo mkono unasikia samaki mara moja. Unalala muzuri mu bwato, haujikunji kama chemchemi. Lakini ule mwembamba unakata vidole, na ukisuguana na jiwe kali nyuzi zake ndogo zinakatika moja moja mpaka siku moja hakuna kitu.

Kwa ndoano za kulala usiku, ile kamba ndefu yenye ndoano nyingi ya kutafuta kambale, sisi tunashauri hivi: kamba kubwa iwe ya kusokotwa ama ya kusukwa, nene, ya kushika bila kuumia. Vile vipande vifupi vinavyobeba ndoano viwe vya nilon ya kioo, nene pia, juu kinywa cha kambale kiko na meno madogo mengi kama msasa, yanakula uzi. Kipande kikikatika, unabadilisha kipande tu; kamba kubwa inabaki. Hapa ndipo wazee na vijana wanapatana, na ndipo feza ya mkopo inatoka kidogo zaidi mu mwaka. Kwa fimbo ya mtoto anayetafuta tilapia pembeni, nunua ya kioo na usifikiri mingi.

Neti ni jambo lingine, na hapa hatutasema kwa upole. Neti ya nilon ya kioo ni ya bei ndogo na inakamata mingi, kweli. Lakini ikipasuka, kuishona ni kazi ngumu, wengi wanaitupa. Ikipotea ndani ya maji inaendelea kukamata na kuua, bila mwenyewe. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia wameikataza. Wale wanaovuka kwenda kununua upande wa Zambia wajue hilo. Neti ya nyuzi nyingi mama ama papa anaishona jioni mbele ya nyumba kwa sindano ya mti, na kesho inarudi ku maji. Sisi hatutatia sahihi ku mkopo wa neti ya kioo. Mutatukasirikia, tunajua.

Sasa soko. Ku roli ya kioo wanaandika unene kwa milimita: 0.30, 0.50, 0.80. Ku nyuzi za neti wanaandika kama 210D/9 ama 210D/18. Ile 210D maana yake ni uzi mdogo ambao mita 9,000 zake zinapima gramu 210. Namba ya nyuma ni hesabu ya nyuzi zilizounganishwa. Kwa hiyo 18 ni nene kupita 9, na muuzaji asikudanganye kwa rangi.

Wengine wanauza plastiki nyingine na kusema ni nilon. Ukate kipande kidogo, uloweshe muzuri kwa vidole, ukizamishe mu gilasi ya maji. Nilon inazama. Ile ya polietilini, ambayo mara nyingi ndiyo ya kusukwa yenye nguvu sana, inaelea. Hakuna ubaya, lakini ujue unalipia nini, na kamba ya kulala chini inayoelea itahitaji mawe zaidi. Kwa uzi wa kioo, funga fundo moja, vuta kwa nguvu mbele ya muuzaji. Ukikatika kavu, tak, kama majani, rudisha roli.

Mafundo: uzi wa kioo uloweshe kwa mate mbele ya kukaza, juu moto wa kusuguana unaudhoofisha. Uzi wa kusukwa unateleza. Pitisha mara mbili ndani ya tundu la ndoano na zungusha zaidi. Na vipande vilivyokatika musitupe mu mto. Ndege na batoto wanaumia nayo.

Jumamosi tutakuwa hapa na roli za aina zote mbili na ndoo ya maji. Wenye kuomba mkopo walete orodha ya vitu, si jumla ya feza tu. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuomba nusu ya kioo na nusu ya kusukwa. Ndiyo, mama, na mkopo wako tutausoma wa kwanza.