Nywele Zikinyonyoka, Tuwaambie Nini Wenzetu Kazini?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, hata la kuchekesha. Mtu anafanya kazi na wenzake, na nywele zake zinaanza kunyonyoka. Aseme? Anyamaze? Na sisi wenzake tufanye nini?

Tumelileta hapa kwa sababu linavunja watu. Katika kikundi kimoja cha ushonaji tunachokitembelea, mama mmoja alianza kuja na kitambaa kichwani kila siku. Baadaye akawa anakaa pembeni, peke yake. Kisha akakosa mikutano mitatu mfululizo. Sheria ni sheria, akatozwa faini, na zamu yake ya kupokea mchango ikapewa mwingine. Karani aliandika yote vizuri kitabuni. Lakini hakuna hata mmoja aliyefika kwake kumwuliza, "Mama, kuna nini?" Na huko nje maneno yalikuwa yameshaenea. Wengine walisema ana ukimwi, wengine wakasema amerogwa. Kumbe alikuwa na mabaka ya upara ukubwa wa sarafu, na aliogopa kitambaa kisije kikaanguka akiinama kwenye cherehani.

Nywele hunyonyoka kwa sababu nyingi

Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000 hivi, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zikizidi, kuna sababu, na sababu si moja.

Mama aliyejifungua anaweza kuona nywele zikitoka kwa wingi kama miezi mitatu baadaye. Mara nyingi zinarudi kabla mtoto hajamaliza sana mwaka. Homa kali, upasuaji, kukosa damu ya kutosha au huzuni kubwa pia huleta hali hiyo. Kusuka kwa kukaza sana, miaka nenda miaka rudi, hung'oa nywele za kando ya uso, na mizizi ikishakufa hazirudi tena.

Kuna ugonjwa unaoitwa alopesia, ule wa mabaka ya mviringo yaliyo laini. Hapo kinga ya mwili inakosea na kushambulia mizizi ya nywele. Katika kila watu 100, kama wawili hivi hupatwa nao wakati fulani maishani. Hauambukizi hata kidogo. Wale wanaotibiwa saratani kwa dawa kali nao hupoteza nywele, mara nyingi wiki mbili au tatu baada ya dawa ya kwanza. Hapo ni dawa inayoziangusha, na kwa wengi huota tena matibabu yakiisha.

Yanayoambukiza ni mapunye, na hayo huwapata sana watoto. Yanatibiwa kwa vidonge vya hospitali kwa wiki kadhaa. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi.

Je, ukimwi? Hakuna mtu anayeweza kujua hali ya mwenzake kwa kutazama kichwa chake. Ni kipimo tu kinachosema. Na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2006 kuhusu ukimwi inakataza kumlazimisha mtu apimwe, na inakataza kutangaza majibu yake bila ridhaa yake.

Kusema au kunyamaza?

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na kwa hivyo nenda zahanati mapema. Lakini tuuelewe vizuri usemi huu. Wazee hawakusema mgonjwa atangaze sokoni. Daktari ni lazima ajue. Wenzako kazini watajua kile utakachotaka wewe.

Hata hivyo, tumeona kwamba pale mwenyewe anaponyamaza kabisa, nafasi ile haikai tupu. Watu wataijaza kwa porojo, na porojo huwa mbaya kuliko ukweli. Tena kuficha kunachosha. Mtu anashona mkono mmoja, mwingine unashika kitambaa.

Jambo hili halichagui cheo. Huko Marekani kuna mbunge wa jimbo la Massachusetts, Ayanna Pressley, aliyejulikana kwa nywele zake za kusuka. Mwaka wa 2019 zilianza kunyonyoka, na zile za mwisho zikatoka usiku wa kuamkia tarehe 18 Desemba, siku ambayo Bunge lilipiga kura ya kumshtaki Rais Trump. Alivaa wigi akaenda kupiga kura. Januari 2020 alijitokeza kwenye video, akaonyesha kichwa chake, akaeleza kwamba ni alopesia na kwamba alitaka kuwa huru na siri hiyo na aibu yake. Alisema mwenyewe, kwa wakati alioutaka.

Lakini tusidanganyane. Mbunge ana nguvu ambazo kibarua wa shamba la maua hana. Kama unafanya kazi mahali ambapo msimamizi anatafuta sababu ya kukuondoa, pima kwanza. Ukihitaji siku za matibabu, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta barua ya daktari. Mwombe daktari aandike siku unazohitaji. Habari za kichwa chako si za kila mtu ofisini.

Namna ya kusema

Ukiamua kusema, anza na mtu mmoja unayemwamini. Halafu sema kwa ufupi. Yule mama wa ushonaji alimwambia mwenyekiti kwanza. Mwenyekiti akamwuliza, "Utasema mwenyewe, ama nikusaidie?" Akachagua kusema mwenyewe. Alisimama akasema: "Nywele zangu zinanyonyoka. Daktari amesema hauambukizi. Nitashona kama kawaida, ila naomba mtu asiguse kitambaa changu." Akaketi. Haikuchukua hata dakika moja.

Mtaona alisema mambo matatu: kuna nini, wasiogope nini, na anaomba nini. Hakueleza dawa zake wala mambo ya nyumbani kwake. Inatosha.

Kazi ya wenzake

Wenzake tuna kazi pia. Tusikilize, tuseme pole, turudi kwenye shughuli. Tusimwambie "ni nywele tu", kwa maana si sisi tunaojitazama kwenye kioo hicho. Tusilete kila mmoja dawa yake ya mizizi na mafuta. Tusipeleke habari zake kisimani. Na wanaume wenye kipara tusiwafanye mchezo wa kila siku. Wengine hucheka nasi kumbe moyoni wanaumia.

Kikundi kile hakikuwa na malaika. Siku ile kuna aliyecheka, na hata leo wapo wanaonong'ona. Nywele za mama zimerudi upande mmoja, upande mwingine bado. Lakini amerudi kwenye cherehani yake, faini ilifutwa, na walibadilisha sheria moja: mtu akikosa mikutano miwili, wanachama wawili wanamtembelea kwanza, ndipo neno la faini lizungumzwe. Sheria hiyo haina gharama. Tunaomba kila kikundi kilichopo hapa kiifikirie.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kikundi chetu, mtu akikosa kuja, tunaanza na faini ama tunaanza na kumtembelea?

2. Ni maneno gani tunayosema juu ya wenye kipara, au wanaofunga vitambaa, ambayo yanaweza kumfanya mwenzetu ajifiche?

3. Mwanachama akitaka kueleza shida yake ya mwili, ataanza na nani? Je, anamwamini?