Jifya Moja Haliinjiki Chungu



Wapendwa wasikilizaji, masomo ya Dominika hii ya 16 ya Mwaka C yanatuingiza jikoni. Katika kitabu cha Mwanzo, Abrahamu anawapokea wageni watatu kwenye mialoni ya Mamre, naye Sara anaambiwa aharakishe kukanda vipimo vitatu vya unga. Unga huo si haba, maana wataalamu wa Maandiko wanaukadiria kuwa kama debe zima. Katika Injili ya Luka, Martha anahangaika na utumishi mwingi, hata analalamika mbele ya Bwana kwamba ndugu yake amemwacha atumike peke yake.

Mara nyingi sisi wahubiri tumemlaumu Martha, kisha baada ya Misa tukaenda kula chakula kilichopikwa na akina Martha wa parokia. Leo twapenda kukiri kosa letu wenyewe kabla ya kumwonya mtu yeyote.

Miaka mingi iliyopita tulikwenda kutembelea kigango kimoja cha mbali, tukafikia nyumbani kwa katekista. Ilikuwa jioni ya Jumamosi. Mwenyeji wetu alituketisha sebuleni, tukaanza kuzungumza habari za mabati ya kanisa. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta, nasi tulisikia kila kitu. Mama wa nyumba alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, kuku chunguni, na wavulana wawili miguuni pake, mmoja yapata miaka sita na mwingine minne. Walikuwa wamepewa ungo wachague mchele. Yule mdogo akaukanyaga ungo, mchele ukamwagika. Mama akapaza sauti, mtoto akalia, na yule mchanga naye akaamka.

“Usisumbuke, Padre,” alisema mwenyeji wetu, “hayo ni mambo ya jikoni.”

Nasi hatukusumbuka. Tuliendelea na habari za mabati.

Chakula kilipoletwa, mezani tulikuwa wawili tu. Mama alitunawisha mikono akarudi alikotoka. Tulipokuwa tukila, pazia la mlango lilisogea, na yule mvulana mkubwa akachungulia.

“Shikamoo, Padre.”

“Marahaba, mwanangu.”

Hakuomba kuku. Aliuliza jambo moja tu: “Umekuta mawe?”

Ndipo tulipotambua kwamba huyu ndiye aliyetuchagulia mchele, akauokota tena ulipomwagika, lakini hakuwekewa nafasi mezani. Tulimjibu kweli kwamba tumekuta jiwe moja. Alifikiri kidogo, akasema: “Hilo ni la mdogo wangu.”

Tulicheka, lakini moyoni tuliona haya. Tulimwomba mwenyeji wetu atandike mkeka, tukaketi chini sote, mama na watoto pamoja nasi. Vipande vya kuku vilikuwa vidogo zaidi usiku ule, na hakuna aliyenung’unika.

Ndugu wapendwa, wahenga walisema: jifya moja haliinjiki chungu. Katika nyumba nyingi mama amefanywa kuwa jifya lile moja. Anapika, anabeba, anabembeleza, anakemea, na mwisho anakula baridi au hali kabisa. Kisha twashangaa kwamba ana hasira. Yesu hakumkemea Martha kwa sababu anapika. Alimwonea huruma kwa kuwa moyo wake ulifadhaika na mambo mengi. Nasi tukimhurumia Martha kweli, na tuingie jikoni tukamtue mzigo.

Tena tulitazame hema la Abrahamu. Sara aliukanda ule unga katika utulivu mkubwa, maana hapakuwa na mtoto wa kumvuta nguo. Utulivu huo ndio uliokuwa uchungu wake. Wageni walimwachia Abrahamu ahadi kwamba mwakani, majira kama hayo, Sara atakuwa na mwana. Maana yake, siku zijazo atakanda unga katikati ya kelele. Wapo wasikilizaji wetu ambao nyumba zao zina utulivu huo hata leo, nao wanajua kwamba kelele tunayoichukia jioni ni neema waliyoiomba kwa machozi.

Lakini mtasema: “Padre, mtoto jikoni anachelewesha kazi.” Ni kweli. Mchele unaochaguliwa na mama kwa dakika tano, mtoto atauchagua kwa nusu saa, na jiwe litabaki. Basi tumtazame Yesu mfufuka kando ya bahari ya Tiberia. Mwinjili Yohane anasimulia kwamba wanafunzi waliposhuka pwani walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Chakula kilikuwa tayari. Hata hivyo, Bwana aliwaambia walete na baadhi ya samaki waliovua wao. Je, alipungukiwa? Hasha! Alitaka karamu yake iwe na sehemu yao. Mzazi anayempokea mtoto na ungo wake anafanya vivyo hivyo. Hapungukiwi na mikono. Anampa mtoto sehemu katika meza ya wote. Mtoto aliyekwisha kuleta samaki wake nyumbani ataelewa siku moja kwa nini tunapeleka vipaji altareni.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba jiko lina hatari. Chungu kilicho juu ya mafiga kiko kimo kimoja na uso wa mtoto. Moto, kisu, mafuta yanayochemka na maji ya moto ni vya wakubwa. Chora mstari wa majivu sakafuni, na watoto wakae upande wa pili, wakichambua mchicha au kuchagua maharage. Mtoto akiungua, mmwagieni maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20 hivi, msimpake mafuta wala dawa ya meno, na jeraha likiwa kubwa mpelekeni zahanati bila kukawia. Na akina baba, yule mchanga aliye mgongoni mwa mama anaweza kukaa mapajani mwenu. Mazungumzo ya mabati yanaweza kufanyika huku mtoto amepakatwa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1964, uliiita familia Kanisa la nyumbani. Kanisa hilo lina meza yake. Nanyi makatekista, mnaowaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza, msianze na kitabu tu. Waulizeni kwanza kama jana walikula pamoja na wazazi wao, na walileta nini mezani.

Jioni ya leo basi, kabla ya kuipua chungu, kila mmoja ajiulize: nani yuko peke yake jikoni? Na mtoto wenu akiuliza kama mmekuta mawe, mjibuni kweli, mmshukuru, mkampishe akae.

Mwenyezi Mungu azibariki meza zenu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.