Ulinzi wa kompyuta za maktaba uanzie kaunta

Mwishoni mwa Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza iliyoko London, mojawapo ya maktaba kubwa kabisa duniani, ilivamiwa na genge la wahalifu wa mtandaoni linalojiita Rhysida. Walinakili data, wakaharibu seva, kisha wakadai bitikoini 20, zilizokuwa na thamani ya karibu pauni 600,000 siku zile. Maktaba ilikataa kulipa, na wavamizi wakamwaga hadharani takriban gigabaiti 600 za mafaili, yakiwamo yenye taarifa za wafanyakazi na wasomaji. Orodha kuu ya vitabu haikurudi mtandaoni hadi Januari 15, 2024. Mwishoni mwa juma lilelile la Oktoba, Maktaba ya Umma ya Toronto, Kanada, nayo ilivamiwa. Wahudumu wakarudi kuandika uazimaji kwa mkono, na vitabu vilivyorudishwa vikarundikwa ndani ya matrela kwa kuwa mfumo wa kuvipokea ulikuwa umezimwa.

Nimeanza na London kwa sababu Machi 2024 maktaba hiyo ilitoa ripoti ya wazi kuhusu yaliyoisibu, na kila mkutubi wa Afrika Mashariki angefaidika kuisoma. Mambo mawili yamo humo. Kwanza, inaelekea wavamizi walipitia seva iliyowekwa mwaka 2020 ili wafanyakazi na wakandarasi waweze kuingia kwenye mifumo wakiwa mbali, na kuingia hapo hakukudai hatua ya pili ya uthibitisho, yaani ile namba inayoletwa kwenye simu baada ya kuandika nywila. Pili, nakala za makusanyo ya kidijitali zilikuwa salama, ila hapakuwa na seva nzima za kuzirudishia. Yote mawili yanahusu utaratibu: nani anaingia, anathibitishwaje, na siku mambo yakiharibika tunarudi vipi kazini. Wakutubi wamefanya kazi ya utaratibu wa namna hiyo tangu enzi za kadi na droo za mbao. Kwa hiyo nasema kulinda kompyuta za maktaba ni sehemu ya ukutubi wenyewe, na kunaanzia kwa mhudumu wa kaunta kabla ya kumfikia fundi wa TEHAMA.

Wapo watakaosema maktaba ya wilaya yenye kompyuta nne haina cha kumvutia mhalifu wa kimataifa. Lakini programu hasidi nyingi hazimchagui mtu; zinakwenda zinakopelekwa, na kwetu msafirishaji mkuu ni flashi. Msomaji anachomeka flashi yake, anakuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato, kila moja ya kilobaiti moja au mbili, yenye kishale kidogo pembeni. Anashtuka, anabofya mara mbili ili afungue, na kubofya huko ndiko kunakokiruhusu kirusi kuingia kwenye kompyuta. Tangu hapo kila flashi inayochomekwa inaondoka nacho. Mhudumu asiyejua atamshauri msomaji afomati, na tasnifu ya miaka miwili itapotea. Anayejua atamzuia asibofye chochote, atasafisha flashi kwa programu ya kuondoa virusi, kisha ataiamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa pamoja na yale ya mfumo. Mara nyingi nyaraka zote zitatokea, kwa kuwa kirusi cha aina hii huwa kinaficha tu, hakifuti. Ujuzi huo mtu anaufundishwa asubuhi moja, na faida yake inaonekana siku hiyohiyo.

Suala la nakala rudufu nataka nilikalie kidogo, maana hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Maktaba nyingi za vyuo vyetu zinatumia Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Hifadhidata yake yote, yaani vitabu, wanachama na uazimaji, inaweza kutolewa kama faili moja lililobanwa, na kwa maktaba ya kawaida faili hilo linaingia kwenye flashi. Kuipata nakala si tabu. Tabu ni mahali inapokaa. Faili lililowekwa kwenye diski D ya kompyuta ileile halijatoka nje, kwani mara nyingi C na D ni vipande vya diski moja, nayo ikiungua vinakwenda vyote. Diski ya nje isiyochomolewa usiku na mchana nayo itafungwa na wavamizi pamoja na kompyuta. Wataalamu wanashauri pawe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Mimi naongeza sharti moja: nakala ijaribiwe. Chukua kompyuta nyingine, rudisha faili hilo, kisha tafuta vitabu vitano vilivyoingizwa wiki iliyopita. Usipoviona, huna nakala, hata kama daftari linaonyesha tiki kila Ijumaa.

Sasa tuje kwenye kompyuta za wasomaji. Kijana anaingia maktaba kuomba mkopo wa elimu ya juu au ajira serikalini. Vyeti vyake viko kwenye simu, kwa hiyo anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya maktaba, anavishusha, anavichapisha, analipia, anaondoka. Nyuma yake akaunti imebaki wazi, na folda ya vilivyopakuliwa ina cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne na namba ya kitambulisho cha taifa. Anayekaa baada yake anaweza kusoma meseji zake kama vile simu ni yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, lakini hata bila sheria, maktaba iliyozoea kutotangaza nani ameazima kitabu gani haiwezi kuiacha siri ya msomaji wazi kwenye kioo. Dawa yake ipo. Kivinjari kipangwe kufuta historia, vidakuzi na nywila kila kinapofungwa. Msomaji atumie akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Folda ya vilivyopakuliwa isafishwe baada ya kila msomaji. Aliyesahau aelekezwe kwenye simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, aiondoe kompyuta ya maktaba.

Najua jibu litakalokuja: masharti haya yatachosha watu, foleni itarefuka, wazee wataogopa kukaribia kompyuta. Hofu hiyo ina msingi pale ulinzi unapokuwa amri na matangazo ukutani. Lakini mengi niliyoyataja yanapangwa mara moja, na msomaji hayaoni kabisa. Hata nywila zinaweza kuwa rahisi zaidi ya tulivyozoea. Kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kinashauri kuunganisha maneno matatu yasiyohusiana, na kinapinga kulazimisha watu wabadilishe nywila kila baada ya muda fulani, kwa sababu anayelazimishwa hivyo huishia kubandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta. Kuhusu fedha, sikatai kwamba zipo gharama. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za maktaba zetu ni kuukuu mno kupokea toleo linalofuata. Ila kuziacha hivyohivyo kwenye intaneti ni hatari, na mifumo huria ya Linux inapatikana bure, inafungua kivinjari na kuandika barua bila shida kwenye mashine ya zamani.

Pingamizi linalonipa kazi kweli ni la uhamisho. Mtu mmoja anajifunza mfumo, anausimika kwa barua pepe yake binafsi, nywila kuu anaijua peke yake, halafu anahamishwa au anastaafu, na maktaba inabaki nje ya mlango wake yenyewe. Hapo wakuu wa maktaba ndio wenye wajibu. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, hatua ya pili ya uthibitisho iwekwe kwenye simu ya ofisi, watumishi wawili wajue kurudisha nakala, na nywila kuu ikae ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye kabati la fedha. Siku ya makabidhiano ifunguliwe mbele ya anayeondoka na anayepokea, nywila ibadilishwe hapohapo, na jambo hilo liandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na funguo na vitabu.