Tiketi Isiyo na Jina ni ya Aliyeishika

Mavuno ya mpunga yakishaanza hapa Bonde la Kilombero, fedha huingia Ifakara, na wenye kuzitafuta fedha hizo huja nyuma yake. Wapo wauza vitenge, wapo wauza baiskeli na sola, na wapo wauza bahati. Leo nawazungumzia hao wa mwisho. Sitawasifu wala sitawalaani. Nataka tukitazame kile kikaratasi wanachotuachia mkononi.

Bahati nasibu si mgeni nchini. Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ilitungwa mwaka 1974. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyounda bodi ya kuisimamia michezo hiyo. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa ikaanza upya chini ya kampuni ya ITHUBA Tanzania. Basi swali langu ni la leo: tiketi ni mali ya nani?

Wengi watajibu: ya aliyeinunua. Jibu hilo ni la haki, lakini mbele ya mlipaji halitoshi. Tiketi ya karatasi kwa kawaida haina jina. Mlipaji hakuwepo uliponunua. Anachokiona ni karatasi na mtu aliyeileta. Ni sawa na noti ya shilingi elfu kumi iliyodondoka sokoni: unajua ni yako, lakini aliyeiokota ndiye anayeinunulia sukari.

Mwaka 2009, katika mji wa Grand Prairie, jimbo la Texas, Marekani, mteja mmoja alimpa karani wa duka tiketi zake amwangalizie. Karani akamwambia ameshinda dola 2. Kumbe moja ya tiketi hizo ilikuwa na dola milioni 1. Karani akaibakiza, akaenda kudai zawadi kwa jina lake, kisha akatoroka nchi. Wapelelezi walimtambua mwenye mali, lakini fedha zilizookolewa hazikufika hata nusu.

Wala hilo si la Texas peke yake. Mwaka 2007 huko Ontario, Kanada, msimamizi wa malalamiko ya wananchi alilikemea shirika la bahati nasibu la jimbo hilo kwa kutowachunguza vya kutosha wauza tiketi waliojitokeza kudai zawadi kubwa. Sisemi mawakala wetu ni wezi. Wengi wao ni vijana waaminifu wanaotafuta riziki. Ninachosema ni kwamba uaminifu wa mwenzako usiwe ndiyo kufuli pekee ya mali yako.

Kufuli ya kwanza ni kalamu. Nunua tiketi, igeuze, andika jina lako kamili na saini, bila kugusa namba wala ile mistari inayosomwa na mashine. Fanya hivyo siku ile ile, kabla ya droo. Kisha ipige picha mbele na nyuma, na uandike pembeni jina la wakala, siku na saa. Picha haitalipwa badala ya tiketi, lakini ukigombana na mtu itakusemea. Na unapokwenda kuuliza kama umeshinda, jua matokeo kwanza wewe mwenyewe, ndipo umpe mtu tiketi.

Kufuli ya pili ni kuitunza. Karatasi inayotoka kwenye mashine ya wakala mara nyingi huandikwa kwa joto, si kwa wino. Jua la Ifakara tunalijua. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari, au kwenye mfuko wa shati lenye jasho huko shambani, maandishi hufifia mpaka yanapotea. Na usiipeleke kutiwa plastiki ya moto kama tunavyofanya kwa vyeti: karatasi ya namna hiyo ikipata moto hugeuka nyeusi. Itie kwenye bahasha, weka mahali pakavu.

Kufuli ya tatu ni muda. Mwaka 2001 huko Uingereza, mume na mke walipoteza tiketi yenye zawadi ya pauni milioni 3. Kumbukumbu za kompyuta zilionyesha kweli walinunua. Hawakulipwa, kwa sababu kanuni ilitaka tiketi iliyopotea itolewe taarifa ndani ya siku 30, nao walikuwa wamechelewa. Kila mchezo una masharti yake. Yasome, au mwombe kijana akusomee.

Liko jambo moja linaloniogopesha kuliko wezi, nalo ni urafiki. Mama mmoja muuza mchele aliniambia wako watano, wanachanga, na mmoja wao ananunua kwa simu yake. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, mmeandikiana?" Akacheka: "Marahaba mwanangu. Sisi ni ndugu, tuandikiane nini?"

Mama yangu, tiketi ya simu inafuata laini, na laini imesajiliwa kwa jina na alama za vidole za mtu mmoja. Siku ya zawadi mfumo utamwona yule mmoja tu; ninyi wanne hamtaonekana. Karatasi moja ya daftari, yenye majina matano, kiasi cha kila mmoja na saini za wote, haivunji undugu. Inaulinda. Na aliyetumia laini ya shemeji yake kwa kuwa yake haijasajiliwa, ajue kwamba anamchezea shemeji.

Watu wa bonde hili wanajua thamani ya karatasi. Mkulima wa miwa haondoki mizanini bila risiti ya uzito. Mwenye mzigo TAZARA hauachi stesheni bila stakabadhi. Kwa nini basi tiketi tuichomeke kwenye makuti ya paa? Kama huna haja ya kucheza, usicheze. Jembe halina droo. Lakini kama umetoa jasho lako kuinunua, iandike jina leo, maana kesho ikishinda watakuwa wengi wanaosema ni yao.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo.