Vyuma vya Mazoezi Nyumbani: Chagua kwa Akili, Siyo kwa Tambo

(Mazungumzo na vijana wa Singida mjini. Tumeyaandika hapa ili na wewe msomaji ufaidike.)



Leo tunaongelea vyuma vya kunyanyua. Hapa Singida huna haja ya kwenda mbali kuviona. Pita uani kwa watu utakuta makopo mawili ya rangi yamejazwa zege, katikati limepita bomba, na jioni washikaji wanapokezana. Hilo ni jambo zuri, tena sana. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, na kwa wenye miaka 5 hadi 17 angalau siku 3. Kwa hiyo anayekuambia kupiga chuma ni uhuni, mwambie kwa heshima kwamba ni afya.

Tatizo liko kwenye vyuma vyenyewe. Wengi tunachukua kizito kuliko vyote ili tuonekane mabaunsa. Matokeo yake ni mgongo kuuma, vidole kupondeka, au pesa ya alizeti kuishia kwenye chuma ambacho baada ya mwezi kuku wanalala juu yake. Na kuna mwingine anaweza kupoteza maisha kabisa. Nitafika huko, usiondoke.

Anza na ulichonacho

Misuli yako haijui jina la kiwanda. Kilo 10 ya dukani na kilo 10 ya mchanga ni kilo 10. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, angalia nyumbani kuna nini.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Ukilijaza mchanga mkavu linafika karibu kilo 8. Hapo una vyuma viwili vya mkono bila gharama. Lijaze mpaka juu, kwa sababu maji yakiwa nusu yanachezacheza na kukuvuta mkono. Na kwa kuwa sote tunajua shida ya maji, ukimaliza yamwagie mchicha.

Kiroba cha mchanga nacho ni kizuri. Tia mchanga kwenye mfuko wa plastiki, funga, kisha uweke ndani ya kiroba na ushone mdomo. Unaweza kukikumbatia ukachuchumaa na kusimama, au mwenzako akakuwekea mgongoni ukapiga pushapu. Kikianguka hakivunji sakafu. Tyubu kuukuu ya baiskeli pia inafaa: ikanyage katikati, vuta ncha mbili kwa mikono. Kagua kwanza kama haijachanika, isije ikakuchapa usoni.

Uzito usiukisie. Mpelekee mnunuzi wa alizeti au vitunguu mwenye mizani, mwombe akupimie, halafu andika kilo kwa rangi. Usipojua unanyanyua kilo ngapi, utajuaje kama umeendelea?

Vyuma vya zege

Lita moja ya zege ina kilo 2.4 hivi. Kwa hiyo kopo la rangi la lita 4 likijaa ni kama kilo 9 na nusu, na makopo mawili ni kilo 19, bado bomba. Kwa anayeanza, huo si mzigo mdogo. Tumia makopo madogo.

Vyuma vya zege vina ugonjwa wa aina tatu. Kwanza, upande mmoja kuwa mzito kuliko mwingine. Tumia makopo yanayolingana na zege la mchanganyiko mmoja, ukimaliza pima. Pili, bomba kuchomoka. Kabla ya kumwaga zege, fundi achomelee vipande vya nondo kwenye ncha za bomba ili vishike ndani. Tatu, zege kupasuka kwa sababu ya haraka. Limwagilie maji kwa siku 7, na lipe kama siku 28 likomae ndipo uanze. Unapochanganya, usitumie mikono mitupu. Saruji mbichi inaunguza ngozi.

Ukienda kwa fundi wa kuchomelea

Mweleze unachotaka. Bomba la robo tatu lina unene wa nje wa karibu milimita 27, linashikika vizuri kiganjani. La inchi moja linafika karibu milimita 34, na mwenye kiganja kidogo atahangaika. Bomba lina uwazi ndani, hivyo kwa uzito mkubwa litapinda. Ukifika huko unahitaji chuma kigumu kisicho na uwazi. Mwambie asage ncha zote zilizochongoka. Kama bomba limepakwa zinki, asilichomelee ndani ya chumba, moshi wake unaleta homa.

Na jambo hili nalisema mchana kweupe: usinunue kipande cha reli, chuma cha daraja, alama ya barabarani wala chuma cha nguzo ya umeme. Reli inapita mkoani kwetu, Manyoni na Itigi mnaijua. Kuhujumu miundombinu ni kosa la jinai, na treni ikianguka wanaokufa ni ndugu zetu. Kifua kipana hakina thamani hiyo.

Ukienda dukani au kwenye mtumba

Beba futi ya kupimia. Vyuma vya duara vina matundu ya aina mbili: vidogo vya milimita 25 hadi 30, na vikubwa vya milimita 50 vinavyovaa kwenye fimbo za mashindano. Ukinunua fimbo ya aina moja na vyuma vya aina nyingine, umenunua mapambo. Viringisha fimbo kwenye sakafu iliyo sawa. Ikirukaruka, imepinda. Angalia nyufa. Kama chuma kimevikwa plastiki na ndani kuna saruji, tazama kama kinavuja. Vibano vya kuzuia vyuma visiteleze lazima viwepo, tena vikaze. Waya si kibano.

Pima na chumba chako. Fimbo ya mashindano ya wanaume ina kilo 20 na urefu wa mita 2.2. Ya wanawake ina kilo 15 na mita 2. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 ni kama mita 3 tu, na humo kuna kitanda na ndoo. Kwa wengi wetu vyuma viwili vya mkono, vinavyoongezeka na kupungua uzito, vinafaa kuliko fimbo ndefu.

Benchi: hapa ndipo kifo kilipo

Sasa nisikilizeni vizuri. Kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu ya kifua ukiwa peke yako chumbani ni hatari. Mikono ikichoka ghafla, chuma kinashuka kifuani au kooni. Hutaweza kupumua wala kupiga kelele, na mlango umeufunga mwenyewe. Watu wamekufa hivyo.

Kwa hiyo kama huna mtu wa kusimama kichwani kwako, tena anayeweza kukinyanyua chuma hicho, usinunue benchi. Hiyo pesa fanyia kingine. Lala sakafuni usukume vyuma viwili vya mkono. Ukichoka unaviachia pembeni. Au piga pushapu na kiroba mgongoni. Kifua kitajengeka vilevile.

Ukimaliza, weka vyuma chini, penye kona, vizuiwe kwa tofali visiviringike. Usiweke juu ya kabati. Watoto wa nyumbani wanapenda kuiga, na kidole cha mtoto hakishindani na zege.

Uzito gani unakufaa?

Chagua unaoweza kunyanyua mara 8 hadi 12 bila kuyumba, mbili za mwisho ziwe ngumu. Usipofika 8, punguza. Ukipita 12 kirahisi, ongeza kidogo. Pasha mwili dakika 5 hadi 10 kwanza. Unapookota chuma, kunja magoti, mgongo unyooke, toa pumzi wakati wa kunyanyua. Misuli uliyoifanyisha kazi leo, ipumzishe siku mbili. Ukiona uvimbe kinenani, hiyo yaweza kuwa ngiri. Acha chuma, nenda kituo cha afya. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, vilevile.

Maswali yenu

Swali: Nina miaka 15. Vyuma vitanifanya niwe mfupi?
Jibu: Hapana, ukisimamiwa na kutumia uzito mdogo. Kinachodhuru ni mashindano ya nani zaidi na chuma kumwangukia mtu. Anza na uzito wa mwili wako.

Swali: Msichana akibeba vyuma si atakuwa kama mwanamume?
Jibu: Dada, homoni inayojaza misuli ya wanaume kwako ni kidogo sana. Utakuwa na nguvu, siyo ndevu. Ndoo ya lita 20 unayobeba kichwani ni kilo 20, na hakuna aliyekuambia hiyo ni ya wanaume. Wanawake wananyanyua vyuma kwenye Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000.

Swali: Kuna mtu anauza sindano za kujaza misuli. Zinafaa?
Jibu: Zikatae. Homoni hizo hunywesha korodani, hupunguza uwezo wa kuzaa, huumiza ini na moyo. Mkichangia sindano, mnachangia na VVU na homa ya ini. Kula maharage, mayai, dagaa, karanga, maziwa, na kuku wetu wa kienyeji ikipatikana. Kisha lala.

Kabla hujalipa, jiulize:
1. Najua kina kilo ngapi?
2. Naweza kuongeza na kupunguza uzito?
3. Kinaenea chumbani kwangu?
4. Nikichoka ghafla, kitaangukia wapi?
5. Kimetoka wapi?

Jibu la swali la 4 likiwa "juu yangu", rudisha pesa mfukoni.

Na wewe uliyesoma, usilikalie gazeti hili. Mpe yule mshikaji mwenye benchi chumbani, umwambie aanzie hapo penye benchi.