Njaa Inapofunua Moyo

Leo tufikiri pamoja juu ya saumu, nami nitaanza kwa jirani yangu.

Yeye ni mzee Mbahai, mwalimu aliyestaafu. Dini yake ilianzia Uajemi katika karne ya 19, na wafuasi wake wamo nchini mwetu pia. Mwaka 2021 walifungua nyumba ya ibada huko Matunda Soy, magharibi mwa Kenya. Kila mwaka, mwezi wa Machi, hufunga siku 19, toka jua linapochomoza mpaka linapotua, bila kula wala kunywa. Amri hiyo huwahusu wenye umri wa miaka 15 hadi 70. Wagonjwa, wasafiri, waja wazito na wanaonyonyesha husamehewa.

Mwaka mmoja nilimwuliza, "Mwalimu, njaa hiyo yakufanya nini?" Alinijibu kwamba siku za kwanza kichwa humwuma kwa kukosa chai, na ifikapo alasiri maneno yake huwa makali. "Lakini Mchungaji," akasema, "ukali ule haukuletwa na njaa. Ulikuwamo ndani, shibe ikiufunika." Siku zikizidi kupita, moyo hutulia, na kila tumbo linapomwita yeye huitika kwa sala.

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa katika Kwaresima, nimeacha chai ya saa nne, na asubuhi hiyo nilikuwa nimemkemea mtoto wangu mpaka akalia, kwa ajili ya kitabu kilichoanguka tu. Nilijiambia moyoni kuwa ni njaa. Jioni ile nilimwomba mtoto radhi kabla sijagusa chakula, na jambo hilo lilikuwa gumu kuliko kukosa chai.

Baadaye mwalimu alipatwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kufunga, na dini yake yenyewe ilimruhusu kula. Hata hivyo alifunga kwa siri, mpaka siku moja mkewe akamkuta ameanguka uani. Nilipokwenda kumtazama alikuwa ameshika kikombe cha uji, machozi yakimtoka. Akaniambia, "Mchungaji, nimeona ya kuwa niliipenda saumu yangu kuliko Mungu aliyeniamuru. Mwaka huu utii wangu ni kunywa uji huu."

Ndugu zangu, mimi na mwalimu hatukubaliani juu ya Bwana Yesu, na twaambiana hivyo waziwazi. Yeye humheshimu kama mmoja wa wajumbe wa Mungu. Mimi namkiri kuwa Mwana wa pekee na Mwokozi wangu. Lakini maneno yake yalinirudisha kwenye Biblia yangu mwenyewe. Katika Mathayo mlango wa 6, Bwana wetu awaonya wafungao ili waonekane na watu. Yuko mtazamaji mwingine ambaye twamsahau, naye ni nafsi zetu. Mtu aweza kufunga sirini, asijue mtu yeyote, kumbe anajipigia makofi. Na katika Isaya mlango wa 58 twasoma habari za watu waliofunga huku wakigombana na kuwaonea watumishi wao. Matumbo yalikuwa matupu, lakini mioyo ilijaa.

Basi, Kwaresima ikija, funga, kama afya yako yakuruhusu. Hasira ikipanda mchana, usiilaumu njaa. Ipeleke mbele za Bwana, kwa maana amekuonyesha jeraha analotaka kuliponya. Uliyemkosea mwombe radhi kabla hujala. Na wewe uliye mgonjwa, kula kwa shukrani. Hujapungukiwa na kitu mbele za Mungu.

Tuombe. Ee Bwana, tuonyeshe yale ambayo shibe yetu imeyaficha, utusamehe, ukatufundishe kukupenda wewe kuliko matendo yetu mema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.